Bahari Usoni, Mji Kisogoni: Usanifu wa Mapumziko Kutoka Royan Hadi Ruvula

Nyumba za mawe za Mikindani, mji wa kale ulio mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, zilijengwa na watu waliokuwa na bahari mlangoni, lakini hawakuzijenga ili waitazame. Bahari ilikuwa shamba lao na soko lao. Iliwaletea majahazi na wageni, ikawapa samaki, mawe ya matumbawe ya kujengea, na chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo yakichomwa. Mwenye nyumba alipotaka kupumzika alitoka akaketi barazani, macho yake njiani kwa wapita njia, au aliingia uani kwa watu wake. Kuta ni nene, karibu nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa sababu ya kifundi tu: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita mbili na nusu au tatu bila kulegea. Ndani mna ubaridi, mwanga ni wa kupimiwa, na mlango mkuu umeelekezwa kwa watu.

Mtu kukaa kivulini, akageuzia kiti chake mawimbi, tena akalipia kufanya hivyo, ni jambo lililokuja na zama nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pwani nyingi za dunia zilizaa kila moja mtindo wake wa usanifu wa mapumziko: zege jeupe, veranda ndefu, kuta za matundu, paa bapa au lililopinda kama tanga. Ni mtindo mmoja kwa nasaba, lakini kila mahali uliota kwa sura yake. Nataka kuilinganisha sura hiyo katika pwani nne au tano, kisha nirudi kusini kwetu, kuanzia Mtwara hadi maingilio ya mto Ruvuma, ambako mtindo huu ulifika nusu tu. Kinachonishughulisha ni swali ambalo wahakiki wa majengo hulipita haraka: jengo limempa nani uso, na nani limempa kisogo? Naamini jibu la swali hilo ndilo lililoamua majengo yapi yamedumu na yapi yamekufa.

Likizo ni ya nani?

Tuanze mbali. Tarehe 5 Januari 1945 ndege za Uingereza ziliuteketeza kwa mabomu mji wa Royan, kwenye pwani ya magharibi ya Ufaransa. Mji ulipojengwa upya chini ya msanifu Claude Ferret, wasanifu vijana waliacha mifano ya Kifaransa wakageukia Brazil. Mwaka 1947 jarida la usanifu la L'Architecture d'Aujourd'hui lilikuwa limetoa toleo zima kuhusu nchi hiyo, na kazi za msanifu wa huko, Oscar Niemeyer, zilikuwa gumzo. Royan ikapata safu ya majengo iliyopinda kuufuata ufukwe, ngazi zinazoning'inia, kuta zilizotobolewa kupitisha upepo, soko lililofunikwa kwa ganda jembamba la zege, na kanisa la Notre-Dame la Guillaume Gillet lililokamilika 1958. Pwani ya baridi ilivaa nguo za nchi za joto.

Nyuma ya sura hiyo kulikuwa na sheria. Tangu 1936 mfanyakazi wa Ufaransa alikuwa na haki ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Royan mpya ilijengwa kwa raia wa nchi hiyohiyo, watu waliokuja na familia zao kila kiangazi. Soko lilikuwa la wenyeji na wageni kwa pamoja, na kanisa vilevile.

Florida, Marekani, mambo yalikuwa tofauti. Kule Sarasota, kina Ralph Twitchell na Paul Rudolph walijenga nyumba nyepesi za mbao, vioo na vikinga jua kwa watu wenye nafasi waliokimbia baridi ya kaskazini. Iliyo mashuhuri ni ile ya mwaka 1953 inayoitwa nyumba ya mwavuli: juu ya nyumba yenyewe na bwawa lake, Rudolph alitandaza paa la pili la vipande vya mbao, likakinga jua bila kuzuia hewa. Ni akili ambayo fundi wa makuti wa Msimbati angeielewa bila kufafanuliwa. Lakini kiyoyozi kilipoenea, akili hiyo ilipoteza bei. Vioo vilifungwa, vikinga jua vikawa mapambo, na shule moja ya sekondari aliyoijenga Rudolph mjini humo ilibomolewa 2009.

Upande wetu wa dunia, mfano mkubwa kuliko yote uko Msumbiji. Grande Hotel ya Beira, kazi ya José Porto na Francisco de Castro, ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950. Ilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, ngazi za kujionyesha, na bwawa la kuogelea la kipimo cha Olimpiki. Wateja waliokusudiwa walikuwa walowezi wa Kireno na Wazungu wa Rhodesia wanaoteremka pwani. Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi. Hesabu hazikukubali, na mwaka 1963 hoteli ilifungwa. Leo wanaishi humo maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wazao wa waliokimbia vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyomalizika 1992. Mbao za sakafu zimeng'olewa zikawa kuni, marumaru zimeuzwa, na maji ya bwawa ni ya kufulia. Wakazi wamefanya jambo ambalo msanifu hakulifikiria: korido wamezigeuza baraza na soko, kuna genge la nyanya, kuna wanaosukana, kuna wanaocheza bao. Jengo lililoagizwa litazame bahari limegeuzwa litazame watu.

Pwani tatu, mbinu zilezile: kivuli kirefu, upepo wa kupenya na, kule Royan na Beira, zege linaloruka nafasi ambayo boriti isingeivuka. Tofauti zao hazimo kwenye nondo. Royan ilijengwa kwa wenye nchi, Sarasota kwa wenye fedha, Beira kwa wenye mamlaka ambao siku zao zilikuwa zinahesabika.

Mtwara: mji wa karanga, nyumba za livu

Mtwara ni mtoto wa miaka hiyohiyo, ila hakuzaliwa kwa ajili ya mapumziko. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikihangaikia uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, iliukubali mpango wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea, mamilioni ya ekari kwenye karatasi. Nachingwea ilihitaji bandari yenye kina. Ghuba ya Mtwara ilikuwa nayo, kubwa na tulivu. Reli ikatandazwa, gati likajengwa, mji ukachorwa. Mpango wa karanga ukavunjwa 1951, kabla bandari haijamalizika. Gati lilifunguliwa 1954 kuhudumia mazao ambayo hayakuwapo, na kufikia 1963 reli ilikuwa imefungwa.

Uliobaki ni mji wenye nafasi kuliko shughuli. Hata leo anayeufahamu Mtwara anaujua kwa barabara zake pana na masafa marefu kati ya ofisi na soko, bandari na hospitali. Na mchoro wake unaonyesha waziwazi nani alipewa bahari. Shangani, iliyo ufukweni, ikawa mtaa wa nyumba za maofisa: bangaloo zenye veranda, mapaa yaliyochomoza mbali kukinga ukuta, madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule. Upande wa ndani, ng'ambo ya soko, wakapangiwa Waafrika: Majengo na Chikongola.

Kitaalamu, nyumba za namna ile hazina lawama. Wasanifu wa Kiingereza wa wakati huo walifanya utafiti wa dhati kuhusu nchi za joto. Maxwell Fry na Jane Drew walitoa kitabu kizima mwaka 1956 kuhusu ujenzi katika ukanda wa joto na unyevu, na shule ya Architectural Association ya London ilikuwa tayari na idara ya fani hiyo. Kanuni zao zinaingia Mtwara sawasawa. Mji uko kama digrii kumi kusini ya ikweta. Desemba jua la adhuhuri hupita upande wa kusini wa utosi, Juni hupita kaskazini. Kwa hiyo nyumba ndefu inyooshwe mashariki na magharibi, kuta zake pana zitazame kaskazini na kusini, ambako paa lenye uchomozo linatosha kuzikinga. Ikilazwa hivyo itapokea kusi katikati ya mwaka na kaskazi mwisho wa mwaka. Hakuna mzee wa pwani atakayeipinga hesabu hiyo.

Kilichokosekana ni baraza. Veranda ya Shangani ilikuwa ya faragha, imeinuliwa na kuzungushiwa bustani, ya ofisa anayesubiri livu yake ya kurudi Ulaya. Mpita njia hakuwa na haja nayo, nayo haikuwa na haja na mpita njia. Ilipata kivuli kama baraza ya Mikindani inavyopata kivuli, lakini moja inakitumia kujitenga na nyingine kukutana. Hapo ndipo mbinu moja inapozaa maisha mawili.

Mtindo wenyewe ulivuka hadi Majengo kwa njia ndogo isiyo na msanifu: tofali la matundu. Tofali la aina hiyo lilisajiliwa Recife, Brazil, mwaka 1929, na baada ya vita lilienea dunia ya joto yote kwa sababu linatengenezwa popote penye saruji, mchanga na kibao cha kufyatulia. Fundi analifyatua uani, moja baada ya jingine: mengine ya miraba, mengine ya petali nne, mengine ya mwezi mchanga. Yakipangwa juu ya mlango au chini ya kenchi, moshi wa jikoni unatoka, upepo unaingia, mwizi haingii, na anayekaa ndani anaona nje bila yeye kuonwa. Kazi hiyohiyo ilifanywa zamani na dirisha la mbao la vijiti katika nyumba za Waswahili na za Waarabu. Ndiyo maana tofali hili halikuhitaji kutetewa na mtu. Watu walilitambua kama jamaa aliyekuwa safarini.

Majengo kuna pia kanisa la Mtakatifu Paulo. Kwa nje ni jengo la kawaida. Ndani, ukuta wa mbele na wa pembeni umefunikwa kwa michoro ya habari za Biblia ya padre wa Kibenediktini kutoka Ujerumani, Polykarp Uehlein, aliyeichora miaka ya 1970. Rangi ni kali, watu ni wakubwa kuliko maumbile, na asiyejua kusoma anaifuata habari yote akiwa amekaa kwenye benchi. Nikiiweka kando ya Notre-Dame ya Royan, naona majengo mawili yenye nia moja. Kule Gillet alipandisha zege juu mabaharia waone mnara kutoka mbali. Huku Uehlein aliacha zege lilivyo, akaupa uso ukuta wa ndani, unaotazamana na waumini.

Hoteli zilizogeuka

Hoteli zenyewe za mapumziko zilijengwa kaskazini zaidi. Mombasa miaka ya 1950 ilipata Oceanic, kazi ya Ernst May, Mjerumani aliyewahi kuujenga upya mji wa Frankfurt kwa nyumba za wafanyakazi, akaenda Urusi ya Kisovieti, kisha akafika Tanganyika 1934 na kuishi Afrika Mashariki karibu miaka ishirini. Oceanic ilikuwa jengo refu lililopinda, kila chumba na roshani yake, kila roshani na kipande chake cha bahari. Ajabu ni kwamba mtu yuleyule aliyejali sana jiko la mke wa mfanyakazi wa Frankfurt, Mombasa alipewa kazi ya kugawa mandhari kwa vipande. Lawama si ya May peke yake. Mkazi wa Majengo ya Mombasa hakuwa na likizo ya hoteli.

Tanzania ilipolifikia jambo hili la hoteli ilikuwa imeshatangaza Azimio la Arusha, mwaka 1967. Ikaunda shirika la utalii la umma, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikasimama kaskazini ya Dar es Salaam hoteli za Kunduchi na Bahari Beach. Hapa sura ilibadilika. Kunduchi ilivaa matao meupe ya Kiarabu. Bahari Beach ikatumia mawe ya matumbawe na makuti, vibanda vya duara vikitawanyika ufukweni. Zege halikukana tena mahali lilipo, lilijivika vazi la mwambao. Ndiyo sura ambayo baadaye ilitawala pwani nzima, kuanzia Diani na Watamu hadi Nungwi.

Lakini mwaka 1970 vijana wa chama tawala, TANU, waliuliza hadharani, kupitia gazeti la The Standard, kama nchi inayojenga ujamaa inapaswa kujenga hoteli za wageni. Mabishano yale msomi Issa Shivji aliyakusanya katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House 1973. Wengi hukumbuka hoja za fedha za kigeni na za utumwa wa kitamaduni. Mimi nayasoma pia kama mjadala wa usanifu. Vijana wale waliona kwamba tao la Kiswahili likijengwa mahali Mswahili anapoingilia mlango wa jikoni, tao hilo limekuwa vazi tupu. Makuti hayaondoi ukuta. Upande wa pili ulijibu kwamba fedha za utalii zingejenga shule na zahanati, na hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa na nchi iliyokuwa ikianza karibu na sifuri. Hata hivyo, ukiyatazama majengo yenyewe, vijana walikuwa na macho makali zaidi.

Ruvula, mwisho wa barabara

Kusini kabisa, Ruvula kwenye rasi ya Msimbati, mtindo huu ulifika kwa sura ya mtu mmoja. Mwingereza Latham Leslie-Moore alijijengea nyumba ufukweni, akaishi humo miaka mingi, akafikia kudai rasi ile ijitenge na Tanganyika. Mwaka 1967 serikali ilimfukuza nchini, na nyumba ikabaki gofu. Watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi naona ni mantiki ya usanifu wa mapumziko ikipelekwa hadi kikomo chake: anayetaka bahari yote iwe ya dirisha lake mwishowe atataka na mpaka wake.

Bahari ya pale ina wenyewe. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, wanawake hushuka miambani kutafuta pweza na chaza, na wavuvi husubiri maji yajae watoe ngalawa. Tangu 2000 eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, na vijiji vyenye watu vimo ndani yake. Gesi asilia iligunduliwa Msimbati 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika 2015, na katikati, mwaka 2013, Mtwara iliwaka moto kwa hasira ya watu walioona mali ikipita mlangoni bila kubisha hodi. Mhakiki wa majengo akipuuza hasira ile hataelewa kwa nini hoteli ya Msimbati ni suala la siasa kabla ya kuwa suala la makuti au zege.

Kuna mfano mmoja jirani unaostahili kutazamwa kwa makini. Boma la Wajerumani la Mikindani, lililojengwa 1895 kutawala watu, lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Kiingereza la Trade Aid, likawa hoteli ambayo madhumuni yake yalikuwa kufundisha vijana wa mji kazi na kutengeneza ajira. Nina wasiwasi na mgeni kulala kwa starehe katika ngome ya mkoloni, na sidhani wasiwasi huo ufichwe. Lakini kwa kipimo changu boma lile, kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, liligeuziwa uso mji ulio chini yake. Jengo halikubadilika sana, mlango ndio ulibadilika.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu mtindo huu ni ya sehemu mbili. Elimu yake ya upepo na kivuli ni ya kurithiwa bila haya, na inapotea kila siku tunapofunga madirisha ya alumini ya kuteleza na kutundika viyoyozi katika mji ambao kusi na kaskazi vingetupoza bure. Chuo chochote cha ufundi cha Mtwara kingefanya vyema kufundisha hesabu ya paa lililochomoza na tofali la matundu kabla ya bei ya kioo. Mpangilio wake wa watu ndio usiofaa kurudiwa. Royan ilisimama tena na kuheshimiwa kwa sababu soko na kanisa lake ni la waliopo mwaka mzima. Grande Hotel ilikufa ikiwa hoteli, ikafufuka kama mtaa maskini kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapangia humo watu wa Beira.

Atakayeomba kibali cha kujenga hoteli kati ya Msimbati na mdomo wa Ruvuma ataleta michoro yenye makuti, boriti na milango ya nakshi, na itapendeza. Halmashauri na wanakijiji waipokee, kisha waulize mambo matatu kabla ya kugonga muhuri: njia ya wanawake wa pweza kwenda mwambani inapita wapi, baraza ya kijiji iko upande gani wa jengo, na nani atakuwa na funguo za lango maji yakipwa usiku. Mchoro usio na majibu hayo urudishwe kwa mwenyewe, hata kama kila kuti limefumwa Msimbati.